Metali na simetali: Elimu inayoamua bei ya jiwe Kasigau

MCHIMBAJI mdogo anapotoka shimoni huko Kasigau, Kaunti ya Taita Taveta, mara nyingi huwa ameshika mkononi kitu ambacho hana hakika nacho. Huenda ni kito cha kijani ambacho bei yake ingetosha kuwalipia watoto karo. Huenda pia ni kipande cha mwamba kisichofaa hata kujengea ukuta.

Dalali anayemsubiri njiani akiwa na pesa mfukoni huwa na hakika zaidi, wala halazimiki kumweleza yote anayoyajua.

Kinachowatenganisha wawili hao si bahati. Ni elimu ya sifa za kimaumbile za vitu: jinsi kitu kinavyong'aa, kinavyokwaruzika, uzito wake ukilinganishwa na ukubwa wake, jinsi kinavyopitisha joto na umeme, na kinavyofanya kinapopigwa nyundo.

Wanafunzi wa shule za sekondari hufundishwa sifa hizo katika somo la kemia, pale wanapolinganisha metali na zile elementi zisizo metali, ambazo huitwa simetali. Wengi huzikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakazisahau. Kwa wakazi wa Rukanga, Makwasinyi, Jora, Bungule na Kiteghe, vijiji vilivyouzunguka Mlima Kasigau, kusahau huko kuna gharama yake.

Ardhi yenye hazina

Taita Taveta imo katika ukanda wa miamba ya kale uanzao Msumbiji, ukapita Tanzania na kuingia Kenya. Miamba hiyo ilibanwa na kuchomwa na joto la ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Katika kubanwa na kuchomwa huko, elementi mbalimbali zilikutana na kuungana, vikazaliwa vito.

Kito kilichoipatia sehemu hii sifa kubwa zaidi ni tsavoraiti, jiwe la kijani la jamii ya ganeti. Mwanajiolojia Campbell Bridges, mzaliwa wa Scotland, alilipata kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, kisha akalipata Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ililitangaza kwa ulimwengu kwa jina lililotokana na Tsavo.

Aidha, eneo la Mangari limekuwa maarufu kwa rubi, kito chekundu ambacho watu wa pwani hukiita yakuti. Kishushe, upande mwingine wa kaunti, kuna mawe ya chuma. Katika sehemu mbalimbali za kaunti kuna pia kinywe, yale madini meusi na laini yatumiwayo kutengeneza moyo wa penseli.

Utajiri huo umewahi kuleta maafa. Mnamo Agosti 2009 Bridges aliuawa karibu na Voi alipovamiwa na kundi la watu, katika mzozo uliohusishwa na haki za uchimbaji. Tangu hapo haijawa siri kwamba jiwe dogo la Taita laweza kuwa na thamani ya kutolewa uhai.

Hivyo basi, metali ni nini, na simetali ni nini?

Makundi mawili ya elementi

Wanasayansi wametambua elementi 118, yaani vitu vya msingi ambavyo kila kitu kimeundwa navyo. Zaidi ya robo tatu ya elementi hizo ni metali. Miongoni mwazo ni chuma, shaba, dhahabu, fedha, risasi, bati, alumini na zebaki.

Simetali ni chache, lakini ndizo zinazojaza hewa tunayovuta, maji tunayokunywa na miili yetu wenyewe. Oksijeni, naitrojeni, haidrojeni, kaboni, salfa, fosforasi na ayodini zimo katika kundi hili. Katikati ya makundi hayo mawili zipo elementi chache, kama vile silikoni, ambazo zina sifa za pande zote mbili.

Tofauti ya kwanza ni hali. Katika joto la kawaida, metali zote ni yabisi isipokuwa zebaki, ambayo ni kiowevu na huganda inapopoa hadi nyuzi 39 chini ya sufuri. Simetali nazo zimetawanyika katika hali zote tatu: oksijeni na naitrojeni ni gesi, bromini ni kiowevu, salfa na ayodini ni yabisi.

Kasigau yenyewe ni mfano mzuri wa jinsi simetali moja inavyoweza kuwa na sura nyingi. Mwaka 2011 mradi wa kuhifadhi misitu wa Kasigau Corridor ulikuwa wa kwanza wa aina yake, ule wa REDD+, kutoa hati za kaboni zilizothibitishwa chini ya utaratibu wa kimataifa wa VCS. Kaboni inayouzwa kwa hati hizo ni ile ambayo ingepaa hewani kama gesi, ikiwa imeungana na oksijeni, lau miti ingekatwa na kuchomwa. Kaboni iyo hiyo ikiwa chini ya ardhi huwa kinywe, na kwingineko huwa almasi.

Mng'ao, mlio na nyundo

Tofauti ya pili ni mng'ao. Metali ikikatwa au kusuguliwa hung'aa kwa namna ya kurudisha mwanga, mithili ya kisu kipya. Simetali nyingi zilizo yabisi zimefifia. Salfa, kwa mfano, ni ya manjano lakini haiakisi sura ya mtu.

Vito navyo hung'aa, ila mng'ao wake ni wa aina nyingine. Metali huurudisha mwanga kutoka juu yake na haipenyeki kwa macho hata ikiwa nyembamba kama ukucha. Kito huuruhusu mwanga kuingia ndani, ukapinda, ukazunguka na kutoka tena. Ndiyo maana mnunuzi hukiinua kito na kukitazama dhidi ya jua, ilhali sonara akinunua dhahabu hana haja ya kufanya hivyo.

Tofauti ya tatu ni mlio. Shule nyingi za vijijini hutundika mtini kipande cha reli au ringi ya gurudumu la gari, kikagongwa badala ya kengele. Chuma kikipigwa hulia, na mlio wake husikika mbali. Kipande cha salfa au cha makaa kikigongwa hutoa kishindo hafifu, kisha kikapasuka.

Kupasuka huko ndiko tofauti ya nne. Metali nyingi hufulika: zikipigwa nyundo hutanuka zikawa bamba, na zikivutwa hurefuka zikawa waya. Gramu moja tu ya dhahabu yaweza kuvutwa ikawa uzi wenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili. Simetali yabisi haikubali kufuliwa wala kuvutwa. Hubomoka, humeguka au husagika kuwa unga.

Joto, umeme na uzito

Mama anayesonga sima hujua tofauti ya tano hata kama hakusoma kemia. Sufuria ya alumini hupata moto mara moja hadi mpini wake ukahitaji kitambaa, huku mwiko wa mti ukibaki wa kushikika. Alumini ni metali, na metali hupitisha joto upesi. Mti umejengwa hasa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni, ambazo zote ni simetali, nao huzuia joto lisipite.

Mambo ni yayo hayo kwa umeme. Nyaya hutengenezwa kwa shaba au alumini, kisha zikavikwa plastiki, ambayo nayo msingi wake ni kaboni. Metali hupitisha umeme, plastiki humlinda anayeushika waya.

Tofauti ya sita ni uzito kulingana na ujazo. Kikombe cha maji kikiwa na uzito wa gramu 100, kikombe hicho hicho kikijazwa chuma kingekuwa na takriban gramu 790, kikijazwa risasi gramu 1,130, na kikijazwa dhahabu gramu 1,930. Kwa upande mwingine, salfa ingekuwa na gramu 207 tu, na kinywe takriban gramu 220.

Tofauti ya saba ni kiwango cha kuyeyuka. Salfa huyeyuka katika nyuzi 115 za Selsiasi. Shaba huhitaji nyuzi 1,085, chuma 1,538, na tungsteni, metali iliyotumiwa kwa miaka mingi ndani ya balbu za taa, huhitaji nyuzi 3,422.

Siri iliyo ndani ya atomu

Swali ni kwa nini makundi haya mawili yanatofautiana hivi. Jibu limo katika chembe ndogo ziitwazo elektroni, ambazo huzunguka katika kila atomu.

Katika metali, elektroni za nje hazifungwi na atomu moja. Ni mfano wa ng'ombe walioachiliwa katika ranchi isiyo na ua, wakawa huru kwenda popote. Umeme ni mwendo wa elektroni hizo, na joto husafiri nazo. Uhuru huo ndio pia unaoziwezesha safu za atomu kuteleza moja juu ya nyingine bila kuachana, na hivyo metali hufulika badala ya kuvunjika.

Katika simetali nyingi, elektroni ni kama mbuzi waliofungwa kamba mtini. Kila moja imeshikwa baina ya atomu mbili, haiendi mbali. Umeme haupati wa kuubeba. Aidha, pigo la nyundo likivunja vifungo hivyo, haviungani tena, na jiwe hupasuka.

Kinywe: Simetali inayoiga metali

Kila kanuni ina wanaoikaidi. Sodiamu ni metali, lakini hukatwa kwa kisu na ni nyepesi kuliko maji. Zebaki ni metali, lakini humiminika. Miongoni mwa simetali, mkaidi mkuu ni kinywe.

Kinywe ni kaboni tupu, kwa hiyo ni simetali. Hata hivyo kinang'aa kijivu kama risasi, na hupitisha umeme. Ni kwa sababu hiyo kinahitajika sana leo katika betri za simu na za magari ya umeme.

Ukaidi huo una maelezo. Kila atomu ya kaboni ina mikono minne ya kushikana na wenzake. Katika almasi, mikono yote minne imeshika, na hakuna elektroni iliyo huru. Ndiyo maana almasi haipitishi umeme na ni ngumu kuliko jiwe lolote la asili. Katika kinywe, mikono mitatu imeshika na elektroni ya nne imebaki huru kutembea. Atomu zimejipanga kwa tabaka zinazoteleza, na ndiyo maana kinywe huacha alama nyeusi kwenye karatasi na kwenye vidole vya mchimbaji.

Kwa mchimbaji wa tsavoraiti, uchafu huo mweusi ni habari njema. Tsavoraiti nyingi katika ukanda huu hupatikana ndani ya miamba yenye kinywe, mara kwa mara ikiwa imefichwa katika mafundo ya mviringo ambayo hufananishwa na viazi. Asiyekijua kinywe huweza kukitupa pamoja na fundo lenyewe.

Metali iliyofichwa ndani ya kito

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba vito vya Kasigau vimejaa metali, ilhali si metali.

Tsavoraiti ni muungano wa kalsiamu na alumini, ambazo ni metali, pamoja na silikoni na oksijeni. Ukijani wake hutoka kwa kiasi kidogo cha vanadiamu, na wakati mwingine kromiamu, ambazo nazo ni metali. Rubi ni alumini iliyoungana na oksijeni, na wekundu wake ni wa kromiamu kidogo iliyopenya humo.

Kwa maneno mengine, alumini iliyo ndani ya rubi ni ileile ya sufuria. Katika sufuria ni laini, inapindika, inapitisha umeme na haipenyeki kwa mwanga. Ikiungana na oksijeni katika joto na mbano wa ardhini, huzipoteza sifa hizo zote. Huwa jiwe gumu, linalopenyeka kwa mwanga, lisilopitisha umeme na lisilofulika.

Sababu ni ileile ya kamba na mbuzi. Alumini inapoungana na oksijeni huzitoa elektroni zake zilizokuwa huru, nazo hufungwa. Hapo metali huacha kuwa na tabia za metali.

Funzo kwa mchimbaji ni kwamba jiwe halipimwi kwa kuuliza lina metali gani ndani yake, bali kwa kutazama sifa zake lenyewe.

Jiwe la chuma si chuma

Hali ni hiyo hiyo kwa mawe ya chuma. Jiwe la chuma ni chuma kilichofungwa na oksijeni. Halifuliki, wala halilii kama kengele. Ukilipiga, litavunjika kama mawe mengine.

Wenyeji wa kale wa sehemu hii waliijua njia ya kukifungua chuma. Utafiti wa mambo ya kale uliofanywa Tsavo na kuuzunguka Mlima Kasigau, ambao Profesa Chapurukha Kusimba ni miongoni mwa walioufanya, umeonyesha kuwa uhunzi wa chuma ulikuwapo huku kabla ya ukoloni.

Mhunzi alijaza tanuri mawe ya chuma na makaa, kisha akapuliza hewa kwa mivukuto. Makaa ni kaboni, na kaboni ikipata moto huinyang'anya chuma oksijeni yake na kutoka nayo kama gesi. Tanuri la udongo halikuweza kufikia nyuzi 1,538 za kuyeyusha chuma, lakini halikuhitaji. Katika nyuzi zipatazo 1,200, uchafu uliyeyuka na kujitenga, ukawa yale mabonge yaitwayo mavi ya chuma, na chuma kikabaki donge la kufuliwa.

Hapo simetali ndiyo iliyoirudishia metali sifa zake. Isitoshe, kaboni kidogo iliyobaki ndani ya chuma, isiyofika asilimia mbili, hukigeuza kuwa chuma cha pua, kigumu cha kutengenezea majembe na visu.

Nyundo ni adui wa kito

Wataalamu wa madini hutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: ugumu na ustahimilivu.

Ugumu ni uwezo wa kukataa kukwaruzwa. Mwaka 1812 mwanasayansi Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa kipimo cha 1 hadi 10. Kinywe kipo kati ya 1 na 2, ukucha wa mtu 2.5, dhahabu karibu 3, kioo cha dirisha 5.5, tsavoraiti kati ya 7 na 7.5, rubi 9 na almasi 10.

Ustahimilivu ni uwezo wa kukataa kuvunjika. Dhahabu ni laini lakini haivunjiki. Almasi ni ngumu kupita zote lakini hupasuka kwa pigo moja.

Imani kwamba kito cha kweli hakivunjiki kwa nyundo ni ya zamani sana, na imewapoteza watu katika nchi nyingi. Anayeijaribu tsavoraiti kwa nyundo huwa anaitumia sifa ya metali kukipima kitu ambacho si metali. Kito kitapasuka, na kupasuka hakutathibitisha kuwa kilikuwa bandia.

Hasara yake si ndogo. Vito hupimwa kwa karati, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Tsavoraiti kubwa isiyo na dosari ni adimu, kwa hiyo bei ya kila karati hupanda kadiri jiwe linavyokuwa kubwa. Jiwe la karati tano likivunjwa vipande vitano, bei ya vipande vyote haikaribii bei ya jiwe zima.

Vipimo visivyoharibu jiwe

Kuna vipimo vichache ambavyo mchimbaji anaweza kuvifanya bila mitambo ya gharama.

Cha kwanza ni kigae. Jiwe lisilojulikana husuguliwa kwenye upande mkavu, usiong'arishwa, wa kigae cheupe na kutazamwa rangi inayobaki. Dhahabu huacha mstari wa manjano. Pairiti, madini ya chuma na salfa ambayo hung'aa kwa manjano na kuwadanganya wengi, huacha mstari mweusi. Kinywe huacha mstari wa kijivu kilichokolea. Kipimo hiki kinafaa kwa mawe yenye mng'ao wa metali, wala si kwa vito safi.

Cha pili ni sumaku. Sumaku ikivutwa na jiwe, chuma kimo. Hata hivyo, kutovutwa si ushahidi kuwa jiwe si metali, maana dhahabu, shaba na alumini hazivutwi na sumaku.

Cha tatu ni kioo. Jiwe la kijani lisiloweza kukwaruza kioo cha dirisha si tsavoraiti. Huenda ni kipande cha chupa. Lakini jiwe likikwaruza kioo halijathibitishwa bado, kwa kuwa hata mawe meupe ya kawaida yaliyotapakaa kando ya njia huweza kukikwaruza. Kinachokwaruzwa kiwe ni kioo, na itumiwe pembe ya jiwe ghafi isiyo na thamani.

Cha nne, na cha kuaminika zaidi, ni mzani na maji. Jiwe hupimwa kwanza likiwa kavu kwa mzani mdogo kama wa sonara. Kisha huning'inizwa kwa uzi likiwa limezama ndani ya maji na kupimwa tena. Uzito wa kwanza hugawanywa kwa uzito uliopungua.

Tuseme jiwe lina gramu 3.6 likiwa kavu na gramu 2.6 likiwa majini. Limepungua gramu 1. Kugawanya 3.6 kwa 1 ni 3.6, ambacho ndicho kiwango cha tsavoraiti. Kipande cha chupa chenye gramu 3.6 kingeonyesha takriban gramu 2.16 majini, na jibu lake lingekuwa 2.5. Rubi hutoa 4, pairiti 5, na dhahabu safi zaidi ya 19.

Kipimo kimoja peke yake hakitoshi. Mawe hufanana kwa sifa moja au mbili, lakini ni vigumu kufanana kwa zote. Ushahidi wa mwisho hutolewa na mtaalamu mwenye vifaa, na Kituo cha Vito cha Voi kilijengwa kwa nia ya kuwapa wachimbaji mahali pa kupimiwa, kukatiwa na kuuzia mawe yao.

Hasara ya jamii nzima

Kuuza jiwe bila kulijua hakumwumizi mchimbaji peke yake. Sheria ya Madini ya mwaka 2016, ambayo iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwawekea utaratibu wa vibali, iligawanya mrabaha wa madini mafungu matatu: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa serikali ya kaunti na asilimia 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa.

Mrabaha huhesabiwa kutokana na thamani ya madini. Jiwe lililotajwa kwa thamani ya chini hupunguza fungu la kila mmoja, na lililouzwa gizani haliachi chochote. Shule na zahanati za Kasigau haziwezi kudai sehemu ya kitu ambacho hakikupewa jina.

Mizozo ya mashimo na vibali ina njia zake za kutatuliwa, nayo hutaka serikali na viongozi. Lakini kulijua jiwe kabla ya kulitoa mkononi hakuhitaji kibali. Kunahitaji kigae, sumaku, kipande cha kioo, mzani mdogo na bakuli la maji, pamoja na somo lile la kemia ambalo wengi waliliacha darasani.

Wahenga walisema kuwa usilolijua ni kama usiku wa giza. Kwa mchimbaji aliyeshinda siku nzima ndani ya shimo chini ya Mlima Kasigau, haifai giza hilo limfuate hadi juu ya ardhi.